Nne Kuvuta, Sita Kutoa

Ndoo ya zege ilikuwa inaning'inia juu ya vichwa vya wanaume wanne, tani moja na nusu, nami nilikuwa nimesahau namna ya kupumua.

Sisemi hivi ili kupamba hadithi. Pumzi iliingia, ikajaa hadi kooni, ikakwama hapo. Nikavuta nyingine juu yake, na nyingine. Vidole vikaanza kufa ganzi, midomo ikawa mizito kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino, na kioo cha mbele cha kibanda changu cha kreni, kioo nilichokifuta mwenyewe kila asubuhi, kikawa kinarudi nyuma halafu kinanisogelea. Kule chini, mwelekezaji wangu alisema kwenye redio, "Shusha." Mkono wangu ulikuwa juu ya kishikio. Haukushusha. Akasema tena, "Shusha, Dada Juu."

Dada Juu ndilo jina nililopewa na mafundi, kwa kuwa nilikuwa mwanamke pekee kwenye jengo lile aliyeendesha kreni, na kwa kuwa, walisema, hakuna siku niliyomwangalia mtu kutoka pembeni. Aliyekuwa mume wangu naye aliliona hilo. Aliondoka akidai hawezi kuishi na mke anayemjua utosi tu. Wakati ule nilicheka. Nilikuwa na kibanda changu cha vioo mita sitini angani, kiti kilichokwisha kushika umbo langu, na kazi niliyoijua kuliko nilivyowahi kujua kitu kingine chochote. Siku hiyo ya ndoo ya zege, miaka kumi na moja iliyopita, nilikuwa pia na siri ya miezi sita.

Kazi yetu ina sheria moja iliyo juu ya nyingine zote. Dereva wa kreni haoni kila kitu. Nguzo zinamkinga, sakafu zinamkinga, jua linampiga usoni. Kwa hiyo anaazima macho ya mwelekezaji aliye chini, na macho hayo yanamfikia kwa sauti. Mzigo unapotembea, mwelekezaji hasemi mara moja akanyamaza. Anarudia neno, shusha, shusha, shusha, bila kukatiza, na maadamu neno linasikika, mkono wa dereva unatembea. Sauti ikikoma, mkono unakoma. Huulizi sababu. Huenda betri imekwisha, huenda mtu amepaliwa na mate, huenda ameanguka. Unasimama na kungoja.

Kwa miaka saba sauti yangu ilikuwa ya mtu tuliyemwita Kasuku. Jina hilo alilipata kwa haki yake. Wenzake walisema shusha, shusha. Yeye alichomeka umbea katikati bila kupoteza mdundo. "Shusha, shusha, msimamizi leo kavaa soksi mbili tofauti, shusha, moja ya bluu, shusha, simama." Mara ngapi nilitua mzigo huku machozi ya kicheko yananitoka, sijui. Aliniita dada, nami nikamwita mkewe wifi, na mama yake akawa mama. Nilikula kwao. Nilijua anavyovuta hewa kabla ya kusema kushoto na anavyomeza mate kabla ya kusema kulia. Nilijiona namjua kiasi cha kummalizia sentensi, na hapo ndipo nilipokosea.

Siku ile, miezi sita kabla ya ndoo ya zege, tulikuwa tunapeleka fungu la nondo ghorofa ya tisa. Zilibaki kama mita mbili. Shusha, shusha, shusha, kisha kimya. Mkono wangu ulijua unachopaswa kufanya, na haukufanya. Nilikwisha kulisikia neno lake linalofuata kichwani mwangu, nikalifuata hilo. Nilishusha kwa sekunde tatu. Nondo zikagusa kitu, zikazunguka, na Kasuku alikuwa kati yazo na nguzo.

Baadaye niliambiwa alikuwa ameinama kuondoa kipande cha mbao kilicholala mahali fungu lilipotakiwa kutua. Kilikuwa kizito, akahitaji mikono yote miwili, akaiachia redio. Aliiachia bila wasiwasi wowote, kwa sababu alijua nikiikosa sauti yake nitasimama.

Wachunguzi walikuja na kofia ngumu ambazo bado zilikuwa na harufu ya dukani. Wakaniuliza kuhusu breki, mikanda, kulabu, kasi ya upepo. Nilijibu kila walichouliza na kila nilichojibu kilikuwa kweli. Hakuna aliyeuliza kuhusu sauti. Kipimo cha upepo kilionyesha kwamba karibu na dakika ile ulivuma upepo wa ghafla, na upepo ndio ukaandikwa kwenye ripoti. Nilitia sahihi chini yake.

Msibani wifi alinishika mikono yote miwili. "Upepo, dada," akaniambia. "Sasa upepo utaukamata wapi?" Nikaitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo sikukanyaga tena nyumbani kwao. Nilipomwona sokoni kwa mbali, nilikata kona.

Wiki ya tatu tangu nirudi kazini ndipo kifua kilipoanza vituko vyake. Mwanzoni nilisingizia ngazi. Ngazi ya kreni si mchezo, vipago mia mbili na kitu vya chuma, na mimi sikuwa msichana. Lakini ikawa nikiwa nimekaa kwenye kiti, sijafanya lolote, pumzi inakuwa fupi, halafu inakuwa fupi zaidi, moyo unapiga kama mtu anayegonga mlango wa nyumba inayoungua, jasho linanitoka mgongoni, na nina hakika kabisa, kwa akili zangu timamu, kwamba ninakufa. Dakika kumi baadaye sijafa. Ninanyanyua tofali. Kesho yake tena. Nilianza kuomba mvua, mimi niliyekuwa naichukia mvua kwa kunikalisha bure, kwa sababu siku ya dhoruba kreni haikai na mtu ndani. Niliamka asubuhi nikatazama anga kabla ya kutazama kitu kingine, na likiwa jeupe, nilitamani kulia.

Mficha maradhi, wahenga walisema, kilio humuumbua. Nami nilificha kwa bidii zangu zote. Dereva akisema mara moja tu kwamba anasikia kizunguzungu akiwa juu, kibanda si chake tena, na haki iko hivyo, ningefanya hivyohivyo kama ningekuwa msimamizi. Mwishowe nilikwenda kwa daktari wa mbali, ambaye hakujua ninafanya kazi gani. Nilimwambia nashona nguo. Akasikiliza moyo, akasikiliza mapafu, akaniambia nina afya ya punda. Kisha akafungua droo, akanipa karatasi iliyokunjwa mara tatu.

Juu yake kulikuwa na picha ya mwanamke aliyekaa sakafuni, macho kayafumba, anatabasamu kama aliyeona ndoto ya kupendeza. Chini ya picha: Kupumua kwa kina kwa ajili ya nguvu, utulivu na afya. Kaa wima. Mkono mmoja tumboni, mwingine kifuani. Vuta kwa pua ukihesabu nne. Shikilia kwa nne. Toa kwa mdomo ukihesabu sita. Rudia mara kumi, asubuhi na jioni. Mtu aliye mzima angeicheka. Mimi niliikunja vizuri, nikaiweka ndani ya sidiria, mahali ambapo wanawake wengine huweka fedha.

Nilipumua. Ee, nilipumua. Nilipumua kitandani kabla ya kuvaa, chooni pale kazini huku mtu anagonga, nyuma ya mifuko ya saruji, na katika kila kituo cha mapumziko cha ngazi, nikijifanya nakaza kamba za buti. Kama kumi zinasaidia, nilijiambia, thelathini zitaponya. Nilikuwa nafika juu nimejaa hewa hadi masikioni, kichwa kinazunguka, vidole vimelegea, na kabla sijawasha mtambo, lile jinamizi limekwisha kufika na kukaa. Nikadhani sijaongeza vya kutosha. Nikaenda arobaini.

Aliyenifuma alikuwa shangazi. Tangu mume wangu aondoke nilikuwa naishi na dada huyu mkubwa wa baba yangu, muuguzi mstaafu aliyemaliza miaka ishirini na tisa katika wodi ya wagonjwa wa kifua, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha wodi nzima. Asubuhi moja aliingia jikoni akanikuta nimesimama mbele ya dirisha, mkono tumboni na mkono kifuani, macho yamenitoka.

"Unafanya nini, mwanangu? Unajaza mtungi wa gesi?"

Nikampa karatasi. Akaisoma akiwa ameiweka mbali na macho, akaguna, akaniambia niendelee. Akaweka kiganja chake mgongoni mwangu, chini ya bega, kama alivyowafanyia mamia ya watu. Nikavuta. Nikashikilia. Nikatoa.

"Toa," akasema.

"Nimetoa, shangazi."

"Hujatoa. Umechungulia tu ukarudi ndani."

Akaniketisha. Akaniambia kuvuta hata kichanga anajua, tena hakufundishwa na mtu. Wodini kwake wao walifundisha watu kutoa. Mapafu yakibaki na hewa ya jana, ya leo itapita wapi? Mtu anavuta juu ya iliyojaa, anaona haimtoshi, anavuta tena, mpaka anajizimisha mwenyewe kwa hewa, jambo ambalo ni aibu, alisema, maana hewa ni ya bure na ipo tele. Akanimiminia chai ya moto, akanitaka niipoze kwa kupuliza, polepole, bila kuirusha, mpaka nisikie tumbo limeshikana na mgongo. Nikapuliza. Moja, mbili, tatu, nne. Kwenye nne nikainyakua pumzi nyingine kama mtu aliyekanyaga moto.

Nikajitetea kwamba ni mazoea ya kazi, kwamba kwetu aliyenyanyua haachii mpaka aambiwe.

"Basi ninakuambia mimi. Achia."

Sikuweza. Nilijaribu mara sita, saba, chai ikapoa yenyewe. Sikumwambia sababu, lakini asubuhi ile nilikuwa nimeijua. Mwisho wa kutoa pumzi kuna mahali patupu, kabla nyingine haijaja. Watu wazima wa afya wanapapita bila kupaona. Ni kimya kidogo, cha sekunde mbili, tatu hivi. Mimi kila nilipokikaribia nilikuwa nimerudi ghorofa ya tisa, na mkono wangu unashusha. Kwa hiyo nilikuwa sifiki. Nilivuta, nikavuta, nikavuta, ili pasiwe na kimya hata kidogo kifuani mwangu.

Shangazi akasema hajapata kuona mgonjwa mbishi kama mimi, na yeye aliwahi kumuuguza kanali. Akachukua kikombe akaenda kukisuuza. Alikuwa ameudhika, na nadhani alikuwa ameogopa pia.

Hapo ndipo nilipokuwa, siku ya ndoo ya zege.

Mwelekezaji wangu mpya alikuwa mtu wa makamo, zamani seremala wa mbao za kumwagia zege, aliyeitwa Taratibu kwa namna alivyotembea, alivyokula na alivyojibu maswali. Hakuwa na umbea wala mzaha. Alisema shusha kama anayepigilia msumari. Asubuhi nzima tulifanya kazi vizuri, ndoo saba zilipanda na kushuka, na ya nane ilikuwa imebakiza kama mita kumi kufika kwenye sakafu ya ghorofa ya kumi na moja, ambako wale wanne walikuwa wanaingoja na koleo zao, wakati mwili wangu uliponigeuka.

Nilijaribu karatasi. Nne kuvuta: ikaingia. Nne kushikilia: nilikuwa nashikilia tayari. Sita kutoa: hapakuwa na mlango wa kutokea. Nikaona mkono wangu kwenye kishikio na haukuwa wangu. Nilikuwa na wazo moja tu lililobaki, nalo lilikuwa kwamba nikizimia mkono huu utaangukia upande gani. Hiyo mitambo ina kinga zake, mtu akiachia inasimama. Hilo nililijua, nimelifundisha kwa wengine. Lakini mtu anayezimia haachii siku zote. Kuna wanaoegemea. Niliwatazama wale wanne kupitia kioo cha miguuni, kofia nne za njano, na mmoja alikuwa anajikuna shingo. Nikamwomba Mungu asiniache niue tena. Neno tena nililisema kwa sauti, peke yangu, mle kibandani.

Nikabonyeza kitufe cha redio ili niseme siwezi. Nilikuwa nimekubali. Kibanda na kichukuliwe, jina na liende, bora wale watu wanywe chai yao jioni. Neno halikutoka. Kilichotoka ni kuhema, kuhema kwa mnyama, na redio ikakipeleka kila mahali kwenye jengo. Nikaachia kitufe.

Kisha sauti ya Taratibu, ileile, bila haraka.

"Simama hapo hapo, Dada Juu," akasema, ingawa nilikuwa nimesimama dakika nzima. "Kifua changu leo kinanisumbua. Nipe nafasi nipumue."

Nikaona kofia nne zikisogea. Alikuwa amewapungia mkono watoke. Zikaenda hadi upande wa pili wa sakafu, mbali na ndoo, na mahali pale pakabaki wazi. Halafu, bila kuachia kitufe chake, akatoa pumzi. Niliisikia ikipita kwenye redio, fuu, ndefu, ya mzee anayepuliza vumbi la mbao kwenye benchi lake. Haikuisha upesi. Ilipoisha hakuvuta nyingine mara moja. Aliniacha kwenye kimya kile, na kitufe amekishikilia, nikisikia upepo wa kule aliko, na mtu akikokota koleo.

"Shusha," akasema. "Shusha, shusha. Simama. Ngoja, hakijakaa sawa."

Fuu. Mara hii nilitoa naye. Haikuwa sita, ilikuwa tano labda, na ilitoka ikitetemeka, na nilipofika mwisho nilifika kwenye sekunde tatu zangu, na hapakuwa na mahali pa kukimbilia kwa sababu mtu huyu wa polepole alikuwa anangoja upande wa pili. Shusha, shusha. Simama. Fuu. Mita kumi tulizimaliza kwa vipande tisa. Msimamizi aliingilia akauliza kuna nini huko juu, zege linaganda. Taratibu akamjibu kwamba ni kifua chake, bosi, vumbi la saruji, anaomba radhi. Kisha akasema imetua, na nikaona kulabu imelegea.

Dereva hashuki katikati ya zamu. Haja ndogo tunajua wenyewe tunavyoimaliza. Lakini nilizima mtambo, nikafungua kijimlango cha sakafu, nikashuka vipago vyote mia mbili na kitu saa nne na nusu asubuhi, jua linawaka, na kila niliyempita aliacha alichokuwa anafanya. Taratibu alikuwa ameteremka kwa lifti ya mafundi. Nilimkuta amekaa juu ya rundo la mbao, kofia magotini.

Nikamuuliza kifua kinamuumaje. Akasema hakimuumi.

Nilikaa kando yake. Nilikuwa nimeyabeba maneno yale muda mrefu, nikidhani siku yatakapotoka nitaanguka, au ardhi itapasuka, lakini yalitoka kama mtu anavyotaja saa.

"Siku ile Kasuku alinyamaza. Alinyamaza, nami sikusimama."

"Najua," akasema Taratibu. "Nilikuwa na redio."

Sikuelewa. Akanieleza kwa mwendo wake uleule. Wenye redio siku ile walikuwa kumi na mmoja. Wote walisikia shusha inakatika, na waliokuwa ghorofa ya tisa waliona fungu linaendelea kushuka. Msimamizi alisikia. Mafundi wa nondo walisikia. Wachunguzi walipokuja, waliulizwa mikanda, wakajibu mikanda. Kila mmoja alisema moyoni kwamba Dada Juu atasema mwenyewe. Mwacheni, bado ana msiba. Halafu wiki zikapita, na jambo likishakaa sana mtu haoni pa kulishikia. Wala hakuna aliyetaka nipoteze kibanda. Walinipenda, alisema, na alilisema neno hilo akiangalia buti zake.

Nilidhani nitasikia nafuu. Nilisikia hasira. Miezi sita watu hawa walikuwa wananiamkia, wananiuliza hali, wananipungia mikono kutoka chini, na kila mmoja alikuwa anajua. Miezi sita ninapanda ngazi ile nikizuia siri ambayo haikuwa siri, nikijinyonga pumzi moja baada ya nyingine, na watu kumi na mmoja wananitazama kwa huruma. Niliwachukia wote pale pale, kwa wema wao. Halafu swali lingine likanijia, nikaogopa hata kuliuliza.

"Na mkewe?" nikasema. "Anajua?"

Taratibu akavaa kofia yake, akaifunga kamba kidevuni.

"Yeye hana redio," akasema.

Niseme hapa kilichotokea kazini, kisije kikaonekana ndicho kikubwa. Siku iliyofuata niliandika ofisini kila nilichopaswa kuandika mara ya kwanza. Kibanda kilipewa mtu mwingine, kijana mzuri, mtulivu, na sijapanda kreni tangu hapo. Wengine katika wale kumi na mmoja waliacha kunisalimia, kwa sababu kukiri kwangu kuliwafanya nao waulizwe maswali. Shangazi aliniambia naonekana nimeanza kulala. Yote hayo yalikuja baadaye.

Siku ileile, kabla ya mchana, nilikwenda kwa wifi nikiwa na buti na vumbi langu. Nyumba niliikuta imefungwa madirisha yote, na mapazia yamefungwa fundo katikati, joto la mle ndani linakukaba mlangoni. Wifi alinikaribisha bila kuuliza nimepotelea wapi. Alipoona natazama madirisha alinieleza kwa sauti ya chini kwamba ni mama. Tangu mwanawe afe hataki upepo uingie ndani ya nyumba yake. Pazia likitikisika tu, anaanza kulitukana.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake pembeni, mikono mapajani. Alikuwa amepungua. Aliniinulia uso, sikuwa na hakika kama amenitambua.

Nikakataa kiti. Niliogopa nikikaa nitaomba maji, nikinywa maji nitauliza habari za watoto, na nikiuliza habari za watoto nitaondoka. Nikamwambia wifi nikiwa nimesimama. Nikamwambia haukuwa upepo. Nikamwambia mumewe alinyamaza kwa sababu aliinama kuondoa ubao, na kwamba akinyamaza mimi napaswa kusimama, na kwamba sikusimama, na kwamba yeye aliamini nitasimama. Sikusema samahani, maana nililiona neno dogo mno, na nilijua nikilitamka atalazimika kulijibu.

Wifi hakulia. Alinitazama mimi, akatazama dirisha, akanitazama tena. Nilimwacha anyamaze. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi sita nimesimama mbele ya kimya cha mtu bila kukikimbia, na kilikuwa kirefu, na nilitamani angenipiga.

"Mama hajasikia," akasema hatimaye. "Masikio yake siku hizi yamechoka. Msogelee umwambie na yeye, kwa sauti."

Nikasogea. Nikapiga magoti mbele ya kile kiti. Mama akanigeuzia sikio la kushoto, lililo bora, na akatabasamu, kama mtu anayengoja salamu. Nikavuta pumzi, nikaitoa yote, nikaanza tena.